Arobaini na Moja

Utrecht, Februari, mwaka mmoja baada ya mafuriko.
Barafu imechora kwenye kioo cha dirisha
majani ya miti isiyoota popote.
Mimi Froukje, binti wa Sjoerd mkamua ng'ombe,
nimemshika panya kama mtu anavyoshika siri ya mwenzake:
nikikaza atakufa, nikilegeza atanikimbia.

Etha kidogo. Kichwa nyuma.
Chini ya taya napenya, kando ya koo,
hadi sakafu ya fuvu. Natoboa mfupa
tundu la kupita punje ya ufuta.
Hapo ndipo anapokaa, mdogo, mwekundu wa kufifia,
kwenye kiti chake cha mfupa,
mwenye nyumba asiyependa wageni.
Navuta kwa mrija. Ametoka. Nashona.
Dakika saba, na Dokta Bakhuys kimya.
Kwake yeye kimya ndiyo pongezi.

Kwetu Friesland tulijua maziwa hutoka kwenye nyasi, basi.
Baba hupapasa kiwele cha mtamba: "Huyu wa mwezi wa saba."
Hajawahi kukosea. Hajawahi kuuliza pia
nani hukipelekea kiwele habari
kwamba ndama yuko njiani.
Mimi nalipwa gilda hamsini kwa wiki ili niulize.

Tulitoa ovari, mirija ya titi ikanyauka.
Tukadunga estrojeni, ikachipua upya,
tukapeana mikono, tumemjua mhusika.
Kisha tukaing'oa ile punje ya chini ya ubongo,
tukadunga dawa ileile, kipimo kilekile, siku kumi na nne.
Titi likabaki mti wa Januari:
shina, matawi manne, hakuna chipukizi.
Kumbe ovari ilikuwa ikipiga hodi tu.
Wa kufungua alikaa juu.

Kila Jumanne naenda machinjioni kwa baiskeli
na debe la maziwa lililojaa barafu.
Tezi za ng'ombe themanini
hazijazi bakuli la uji.
Tunasaga, tunachuja, tunachuja tena,
huku ya kukuza mwili, kule prolaktini,
na mikono yangu inanuka hadi Ijumaa.

Ya kukuza ikaingia pamoja na estrojeni:
mirija ikatambaa, ncha zikavimba
kama vidole vya mtoto aliyelala.
Ikaongezwa projesteroni, ikaongezwa prolaktini,
vikatokea vifuko, mashada kwa mashada,
vyekundu vya karmini chini ya darubini.
Nikiitoa moja, mashada hayaji.
Hakuna aliyeifanya kazi hii peke yake.

Halafu arobaini na moja.
Huyu hakupewa kitu kutoka kwenye debe,
estrojeni tu. Alipaswa kuwa mtupu.
Nikamtandaza kwenye kioo, nikamtia rangi,
nikakuta kichaka.
"Mwondoe kwenye hesabu," Dokta akasema,
"anatuchafulia wastani."

Sikumwondoa. Niliomba fuvu lake.
Usiku, taa moja, lenzi, koleo,
wenzangu wamekwenda kucheza dansi.
Kwenye ukingo wa kile kiti cha mfupa
kulikuwa na kipande, ncha ya kalamu, si zaidi,
nilichokiacha mimi, mkono wangu ulipoharakia chakula.
Wiki mbili, kimebaki peke yake, kimejeruhiwa,
hakuna aliyekiambia kwamba jaribio limekwisha,
kilikuwa bado kinatuma habari kifuani.

Daftarini nikaandika: *Kosa la F. Tamminga.*
Chini yake, kwa wino uleule: *Tazameni.*
Dokta alitazama mpaka chai yake ikaganda utando.
Kisha akavuta kiti akanipa nikae,
kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

Nilimwandikia baba: nimempata anayekiambia kiwele.
Amenijibu kwamba majani makavu yamepanda bei,
kwamba Bontje kazaa jike,
na je, huko maabara wananipa soksi za sufu?